Bata hupenda maji mchana, usiku hutaka pakavu

*"Shikamoo mtaalamu. Nipo Bagamoyo, si mbali na bahari, na nina uwanja wa nyuma ya nyumba usio mkubwa sana. Ninafuga bata 10 wa kienyeji, majike 8 na madume 2, pamoja na kuku 15, na wote wanalala banda moja. Mwezi uliopita bata mmoja aliangua vifaranga 11. Ndani ya siku 3 wakabaki 4. Wawili niliwakuta asubuhi hawana vichwa, wengine sikuona hata manyoya. Banda linanuka mpaka jirani ameanza kulalamika, na jike mmoja anachechemea. Fundi ananishauri nijenge banda la kuinua juu kama la mbuzi, sakafu iwe ya wavu ili kinyesi kidondoke chini, kuwe na ngazi ya kupandia na vijiti vya kulalia, na ndani tuweke kibwawa kwa sababu bata ni wa majini. Mume wangu anasema bata hana haja ya banda, alale nje tu. Nina akiba ya mifuko 2 ya saruji, mabati 6 ya futi 10 na mbao chache. Nifanye nini kabla masika hayajaingia?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa vifaranga. Saba kwa siku tatu ni hasara inayouma, hasa kwa mtu aliyemwangalia mama yao akiatamia siku 35. Ulichokusanya kinakaribia kutosha kabisa, kwa hiyo tusizungumzie kutafuta vingi zaidi. Tuzungumzie vilivyopo visiende kwenye banda lisilofaa.

Nianze na mumeo, maana hajakosea moja kwa moja. Bata ana manyoya yenye mafuta, mvua haimsumbui kama inavyomsumbua kuku, na baridi ya huku kwetu pwani si kitu kwake. Akiachwa nje usiku hatakufa kwa baridi. Atakufa kwa meno. Bata hulala chini, hawezi kupambana, na gizani akishtuka hukimbia ovyo akajigonga. Banda lake kwanza ni ngome. Kazi yake ya pili, ambayo watu wengi hawaifikirii, ni kumpa mahali pakavu pa kukaa kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye joto letu bila kuvuta hewa chafu.

Hapo ndipo ushauri wa fundi wako ulipopinda. Anachokuchorea ni banda la mbuzi lenye vijiti vya kuku na kibwawa cha samaki, na sababu yake ni ile inayotajwa kila mahali: bata ni ndege wa majini. Ni kweli, lakini anayataka maji mchana. Usiku anataka pakavu.

Kinyesi cha bata ni maji kwa karibu sehemu tisa za kumi. Kila akila hukimbilia kunywa, akichovya mdomo hadi puani ili kusafisha matundu ya pua na macho, kisha hujitikisa. Bata 10 waliofungiwa ndani na chombo cha maji watamwaga mengi kuliko watakayokunywa. Maji hayo yakikutana na kinyesi na joto, vijidudu hukivunja kile kinyesi na kutoa gesi ya amonia. Ndiyo harufu inayomfikia jirani. Amonia huchoma macho na njia ya hewa, na bata wako huivuta akiwa sentimita 20 tu kutoka sakafuni, wakati wewe umesimama mlangoni kwenye hewa nafuu.

Kesho alfajiri, kabla hujafungua mlango na kuingiza upepo, ingia ndani uchuchumae mpaka kichwa chako kiwe usawa wa vichwa vyao. Vuta pumzi mara tano. Macho yakikuwasha, hewa hiyo haifai hata kwa usiku mmoja. Halafu chota kiganja cha maranda kutoka katikati ya banda, yale ya chini na si ya juu, uyafinye. Yakibaki donge na kiganja kikaloa, yameshashindwa kazi. Yakisambaratika ukifungua vidole, yana siku kadhaa bado. Nimekagua mabanda mengi kwa njia hii na sijawahi kuhitaji kipimo kingine.

Kwa hiyo kibwawa ndani, hapana. Usiku ondoa maji na chakula vyote viwili. Bata mzima aliyekula na kunywa vizuri jioni hupita usiku bila shida, mradi afunguliwe mapema na banda liwe na hewa. Vifaranga ni habari nyingine. Kifaranga akiwa na chakula lazima awe na maji, na chakula kikavu bila maji kinaweza kumkaba. Wale wanne uliobakiwa nao wawekee sahani pana isiyo na kina, yenye kokoto katikati, juu ya kipande cha wavu kinachoruhusu yanayomwagika kushuka kwenye sinia. Usiwape beseni. Kifaranga mdogo bado hana mafuta yake mwenyewe ya kutosha, huyapata akijisugua kwa mama. Akiloa mwili mzima na kukosa pa kutokea, hupoa na kuzama ndani ya maji usiyoyadhania kuwa na kina.

Sakafu ya wavu nayo nakuomba uiache. Najua kwa nini fundi anaipenda: kinyesi kinashuka, kazi ya usafi inapungua. Nilipoanza kufuga nilijenga hivyo hivyo, na baada ya miezi michache majike watatu walikuwa hawataki kukanyaga. Nyayo za bata ni laini na zina utando, si kama za kuku zilizokakamaa. Mwili wenye kilo mbili mpaka tano ukikaa juu ya nyaya nyembamba, uzito wote huingia kwenye mistari michache ya ngozi. Ngozi hupasuka, nayo ikiwa imelegezwa na unyevu hupasuka upesi zaidi, na bakteria hupenya. Jipu huota chini ya unyayo.

Ndiyo maana nataka uangalie yule anayechechemea leo hii. Mshike kwa kumkumbatia mbawa, usimnyanyue kwa miguu wala shingo. Geuza unyayo utazame katikati. Ukikuta kigaga cheusi kama kifuniko, pamevimba na pana joto, ni jipu la unyayo. Mweke peke yake pakavu kwenye maranda mapya na umpigie afisa mifugo wa kata. Usilipasue kwa wembe. Usaha wa ndege ni mgumu kama jibini, hautoki kwa kukamuliwa, na ukikata ovyo utapeleka uchafu ndani kwenye mfupa. Ikiwa unyayo ni safi, chunguza paja na goti. Bata ana mwili mzito juu ya miguu dhaifu, na kuruka kutoka mahali pa juu au kubanwa mlangoni kunatosha kumtegua. Hiyo nayo ni sababu ya kutokupenda banda la ngazi.

Kwenye vijiti vya kulalia fundi ana nusu ya haki. Bata wa kienyeji wa huku pwani, hao wenye uso wa nyamanyama nyekundu na dume asiyelia bali hupumua kwa sauti kama anapuliza, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, na ndugu zao wa porini hulala mitini na kutaga kwenye mashimo ya miti. Wana kucha, wanaweza kushika. Wale bata weupe wa kizungu wanaopiga kelele siku nzima wametokana na bata-pori mwingine kabisa, anayelala chini au majini. Kwa hiyo kwa bata wako ubao mmoja mpana, sentimita 15 hivi, uliowekwa sentimita 30 tu kutoka sakafuni, ni zawadi nzuri. Majike wataupenda. Vijiti vyembamba vya ngazi kama vya kuku, hapana.

Sasa twende kwenye kujenga.

Kwa bata mmoja mzima hesabu si chini ya mita mraba 0.4 za kulala. Bata 10 ni mita mraba 4. Jenga mita 2 kwa mita 2.4, utapata 4.8, nafasi ya jike anayeatamia na ongezeko dogo. Usishawishike kupunguza, msongamano ndio unaogeuza banda kavu kuwa tope kwa wiki moja.

Upande mrefu ulale mashariki hadi magharibi, uso wa banda uangalie kaskazini na mgongo uangalie kusini. Kwa Bagamoyo hili lina sababu mbili. Jua la asubuhi na la alasiri litapiga pande fupi tu. Pili, masika huja na upepo wa kusi, mvua inapigwa kutoka kusini na kusini-mashariki, nayo itakutana na ukuta wa mgongo, si uwazi wako. Pachague mahali palipoinuka. Mwaga ndoo mbili za maji pale unapokusudia, subiri, uone yanaelekea wapi. Yakirudi kwenye nyumba au yakisimama, sogea.

Mifuko yako 2 ya saruji ipeleke sakafuni. Nimeona watu wakianza na kuta nzuri za tofali na sakafu ya udongo, na ndani ya masika moja banda limekuwa dimbwi. Panga kozi moja ya tofali kuzunguka, jaza kifusi, shindilia hasa, kisha mwaga zege la sentimita 7.5 kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 3 na kokoto 6. Kwa eneo lako ni chini kidogo ya mifuko miwili, kitakachobaki usakafie. Sakafu iinamie mbele, sentimita 1 kwa kila nusu mita, ili ukimwaga maji ya kuoshea yatoke mlangoni yenyewe. Isisuguliwe ikawa kioo. Fundi aikwaruze kwa ufagio ikiwa mbichi, maana bata akiteleza miguu hutawanyika na nyonga huumia.

Kama saruji isingekuwepo ningekuambia tumia udongo wa kichuguu uliolowekwa na kushindiliwa, juu ya tuta. Unafaa, lakini utaukarabati kila mwaka na panya watauchimba. Kwa kuwa saruji unayo, usihangaike nao.

Kuta za chini ziwe ngumu mpaka sentimita 60: tofali, mabanzi yaliyobanana au mbao. Bata hulala usawa huo, na hapo ndipo adui huona na kufikia. Kuanzia hapo kwenda juu, mbele na pembeni, iwe wazi kwa wavu mpaka kwenye paa. Ukuta wa nyuma uinuke karibu mpaka juu, ukiacha sentimita 20 chini ya paa zenye wavu, ili hewa ya moto na mvuke viwe na pa kutokea. Watu wengi huziba banda wakiogopa bata wapate mafua. Kwa joto letu, banda lililozibwa ndilo linaloleta magonjwa ya hewa. Upepo upite juu ya migongo yao, usiwapige wakiwa wamelala, basi.

Wavu nataka tuutazame vizuri, kwa sababu naamini ndiyo ulikuangusha. Wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Haumzuii mnyama asiingie. Mbwa huuchana, na kwenye hewa ya chumvi kama yenu huoza kwa muda mfupi. Nunua wavu mgumu wa mraba uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, na uufunge kwa upapi na misumari au skrubu, si kwa waya peke yake. Ni ghali zaidi. Kama fedha haitoshi pande zote, weka huo kuanzia chini mpaka futi 3 na wavu wa kawaida juu yake, ukiongezea baadaye.

Vifaranga wasio na vichwa, mara nyingi ni kazi ya mnyama aliyewashika kupitia tundu la wavu, akavuta alichoweza kukipata. Paka, kanu na hata bundi hufanya hivyo. Waliopotea bila unyoya mmoja walimezwa au walibebwa wazima: nyoka, panya buku, paka. Kenge pia humeza kifaranga mzima, ila yeye huwinda mchana, kwa hiyo kama walitoweka wakiwa uwanjani saa za jua, mfikirie yeye pamoja na kunguru na mwewe. Nguchiro tunaowaona kila siku ni wa mchana, lakini yupo mmoja mkubwa mwenye mkia mweupe anayetembea usiku. Pita na tochi leo. Tundu linaloingiza kidole gumba chako linaingiza nyoka mdogo na panya mchanga. Linaloingiza ngumi linaingiza karibu wote niliowataja.

Halafu kuna siafu, ambao hakuna wavu unaowazuia. Usiku mmoja wa masika nyumbani kwangu niliamshwa na kuku, nikakuta uwanja mweusi wa siafu na jike wa bata amekaa palepale juu ya mayai yake. Bata wengine walikuwa wanagonga ukuta. Banda lilikuwa na kimlango cha bata tu, nikalazimika kuingiza mkono na kuvuta mmoja mmoja. Wazima niliwaokoa. Vifaranga sikuwawahi. Tangu siku hiyo sikubali banda lisilo na mlango wa mtu mzima, wa kufunguka mara moja kwa upana, hata liwe dogo vipi. Majivu kuzunguka msingi yanasaidia yakiwa makavu; mvua ikinyesha hayana kazi tena. Kata majani mita moja kuzunguka banda, na kipindi cha mvua pita na tochi kabla ya kulala.

Kimlango cha bata chenyewe kiwe sentimita 40 upana na 45 urefu. Wao hutoka kwa pamoja wakisukumana, mlango mwembamba unavunja mbawa na kutegua miguu. Kwa kuwa sakafu itakuwa juu ya ardhi kwa kozi moja, tengeneza mteremko wa zege au ubao mpana wenye mikwaruzo, usiopungua sentimita 80 urefu. Komeo liwe la kusukuma, tena na kufuli. Wezi wa bata hawasubiri sikukuu.

Kwenye paa, wewe una mabati na majirani zako wana makuti, na kila kimoja kina lake. Makuti ni baridi, hilo halina mpinzani. Lakini yanahitaji mwinuko mkali ili yasivuje, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na panya na nyoka huyaona ni nyumba. Mabati yanadumu na yanakubali mwinuko mdogo, ila saa 8 mchana ni jiko. Ningefanya hivi: paa la upande mmoja, mbele mita 2 na nyuma mita 1.6, mabati yatokeze karibu nusu mita mbele na nyuma. Kwa kawaida matano yatatosha, la sita litabaki kufunika sehemu ya chakula. Juu ya mabati funga safu moja ya makuti ya kivuli tu, hayo si ya kuzuia mvua. Kama kuna mwembe au mkorosho wa kutupa kivuli alasiri, jenga chini yake, lakini si chini ya mnazi. Nazi moja inamaliza bati, na inaweza kumuua mtu.

Nguzo za mbao zisizame ardhini, mchwa watazimaliza. Zisimamishe juu ya zege kwa vyuma vya kushikilia. Na tafadhali msipake oili chafu ya magari ndani ya banda. Bata huonja kila kitu kwa mdomo.

Ndani tandika maranda ya mbao sentimita 10. Pumba za mpunga zinafaa pia zikiwa kavu. Vumbi la msumeno liache, linaingia kwenye hewa na macho. Chochote chenye ukungu kitupe bila huruma, kwani mbegu za kuvu humea kwenye mapafu ya ndege. Ukungu wa kwenye chakula ni hatari vilevile: bata, hasa vifaranga, ni miongoni mwa ndege wanaodhuriwa upesi zaidi na sumukuvu. Mahindi au mashudu ya karanga yaliyovunda usiseme "watakula bata". Kila asubuhi geuza maranda kwa reki na ongeza makavu juu pale palipolowa. Mboji inayotoka humo migomba yako itaishukuru.

Sanduku la kutagia liwe la sentimita 40 kwa 40, kona yenye giza, moja kwa kila majike 3 au 4. Bata wengi hutaga kabla ya saa 3 asubuhi. Ukiwafungulia saa 12 mayai utayaokota vichakani, au kenge atayaokota. Kwa banda lako jipya lenye hewa, nakushauri wape maji mapema mlangoni, juu ya wavu wa kuchuja, kisha uwatoe saa 3. Jike anayeatamia mtenge na wenzake kwa kizuizi cha wavu. Madume hukanyaga vifaranga.

Maji ya mchana weka nje, mita 4 au 5 kutoka banda, upande wa chini ya mteremko. Beseni kubwa ambalo bata anaingia na kuchovya kichwa linatosha, hahitaji bwawa. Lisimame juu ya shimo la kokoto lenye kina cha futi 1, na mfereji uelekee kwenye migomba. Mwaga na ujaze upya kila siku. Maji ya bata yaliyosimama wiki nzima yanakuza mbu kwa ajili ya mtaa mzima, na tope linalooza lenye mizoga na funza hutoa sumu inayopooza ndege. Ukiona bata shingo imelegea kama kamba na hawezi kuinua kichwa, hiyo ni dharura: watoe wote kwenye tope hilo, wape maji safi, piga simu.

Nimeacha kuku mwisho, na ni jambo zito. Watenganishe. Unyevu wa bata huwaletea kuku ugonjwa wa kuharisha damu na minyoo, na dume la bata akikosa nidhamu humpanda kuku na kumjeruhi vibaya. Zaidi ya hayo kuna mdondo. Kuku akiupata hufa. Bata mara nyingi huubeba virusi vyake na kuvitoa kwenye kinyesi huku yeye anaonekana mzima. Mafua makali ya ndege nayo ni hivyo hivyo kwa bata wengi. Januari 2017 yalithibitishwa Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Kuku wako wachanjwe mdondo kila baada ya miezi 3 au 4, tone moja jichoni, na wabaki kwenye banda la zamani baada ya kulikausha na kulisafisha. Vyombo vya maji visichangiwe.

Bata au kuku wawili watatu wakifa ghafla kwa siku chache, au ukiona kuharisha kijani, macho yamevimba, kupooza au kutetemeka kichwa, usichinje waliobaki ukauze na usipeleke mzoga kwa jirani. Funga kila ndege alipo na umwite afisa mifugo aje aone mwenyewe. Mimi siwezi kutambua ugonjwa kwa maandishi, na hata picha nzuri ya simu haitoshi. Kwa ujenzi pia, kama udongo wako ni kichanga kinachotitia au maji yapo karibu na uso wa ardhi, mlipe fundi wa msingi aje aone mahali kabla hujamwaga zege. Kuhusu jirani, mtembelee sasa, umweleze unachojenga na lini utamaliza. Na ulizia serikali ya mtaa kama kuna sheria ndogo za ufugaji kwenye eneo lenu.

Zege likishamwagwa lilowanishe kwa siku 7 kabla hujalitandika maranda. Siku ya kuhamia, waingize jioni saa 12, polepole, watu wawili wenye fito ndefu mkiwa nyuma yao mmetandaza mikono kama mnaochunga. Bata akiharakishwa hutawanyika. Wafungie humo siku ya kwanza yote, wakiwa na maji mlangoni na chakula, na siku tatu zinazofuata wape chakula cha jioni ndani ya banda tu, kisha kiondoe wakishashiba. Mara nyingi kufikia siku ya tano utamwona jike mkubwa anatangulia mwenyewe jua likianza kuzama, na wengine nyuma yake kwa mstari, nawe kazi yako imebaki kuhesabu kumi na kusukuma komeo.